Uzio wa Mtoni

"Huu uzio ung'olewe leo," alisema Ludovick, mtu wa televisheni aliyekuja kuchagua mahali pa kupigia picha za shindano la kuishi porini. "Watazamaji wanataka pori, mama zangu. Nguzo zikionekana mtoni, watajua kuna watu."

"Na sisi ni nini, nyani?" aliuliza Mama Nasra, na wanawake wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nguzo zile walizisimika wenyewe, maji yakiwafika kifuani, wiki ile mamba alipomchukua binti wa jirani na kuwaachia kandambili moja. Tangu hapo watoto huchota maji ndani ya uzio. Nasra wake, mwenye miaka minane, alikuwa anachota saa hiyo hiyo.

"Siku tatu tu, mama. Tutaurudisha."

"Na mamba umemwambia ni siku tatu?"

"Mbona unakuza mambo! Washiriki wetu watakuwa na walinzi wenye bunduki."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli kweli. "Kumbe mamba unamjua!" Akamnyang'anya Nasra ndoo, akamsukumia Ludovick kifuani. "Haya baba, nenda pale nje ya uzio, kachote. Ukirudi na maji, nang'oa nguzo mimi mwenyewe."

Ludovick alicheka, akavua viatu, akaingia hadi magotini. Kisha akasimama. Mbele yake duara lilikuwa likipanuka juu ya maji, pole pole, na upepo haukuwapo. Ukingoni hakuna aliyemwita arudi.