Koti la Msaliti
Zamani mtu mmoja wa ukoo wa Ottilie aliwafungulia maadui lango la mji. Basi kila sikukuu ya kuigiza vita ile, mmoja wa ukoo huo huvikwa koti la msaliti, afungue tena, arushiwe kabichi. Mwaka mmoja baba yake Ottilie alikuwa mgonjwa hajiwezi, koti likamwangukia yeye.

“Msaliti huyo!” watu walicheka.

Ottilie akashika komeo, lakini hakulivuta.

Nje, muuza mikate Lorenz, aliyeigiza jemadari wa maadui akiwa amevaa mavazi ya vita ya chuma, aligonga. “Fungua, dada! Naiva humu ndani ya chuma kama mkate!”

“Sifungui, kaka. Mwambieni meya atafute ukoo mwingine.”

Kicheko kikakatika. Mama mmoja alibaki ameinua kabichi yake juu, asijue aishushe vipi.