Ukurasa Usio na Maneno

Mkutubi Devotha aliikwapua ile katuni ya Kijapani mikononi mwa msichana, maktaba nzima ikageuka kutazama.

Alikuwa amechoka. Tangu muuza mitumba mmoja alete lile boksi la katuni hapa Kilosa, vitabu vya mtihani vilikuwa vinakula vumbi, na wanafunzi wanagombania michoro ya watu wenye macho kama visahani.

“Kiingereza chenyewe kinakupiga chenga, sembuse Kijapani. Humu unasoma nini?”

Msichana aliinua uso. Mashavu yake yalikuwa yamelowa machozi.

Devotha akautazama ule ukurasa. Haukuwa na neno hata moja. Mzee amesimama nje ya mlango, ameinua mkono abishe hodi, na vidole vyake vimechorwa kana kwamba vinatetemeka.

“Humo ndani yumo binti yake,” msichana akasema. “Alimfukuza. Sasa amekuja kumwomba radhi.”

Devotha akamtazama tena yule mzee. Binti yake mwenyewe alikuwa Mikumi tu hapo, na hawakuwa wamesemezana tangu Pasaka.

“Akamfungulia?”

“Sijui, mama. Umeninyang’anya kabla sijafika.”

Devotha akavuta kiti, akaketi kando yake, akairudisha katuni mezani.

“Haya, funua.”