Mgeni wa Saa Kumi

Imogen Pargeter alikuwa ameusoma ukurasa wa kumi na moja wa hukumu mara nne, na mara zote nne majaji walikuwa wameikataa rufaa.

Akausukuma mbali. Kichwa kilimgonga. Tangu Jumatatu hajatia tumboni chakula cha maana, ni biskuti na chai tu, na hiyo chai nayo hupoa kabla hajaikumbuka.

Len Tuckwell, karani mkuu, alichungulia mlangoni. Miaka thelathini na miwili amewapangia kesi mawakili wa ofisi ile ya Temple, mtaa wa mawakili wa London, na hajawahi kumwogopa hata mmoja wao.

"Bi Pargeter, umekaa kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Nimwambie Bi Skelly aje kesho?"

"Kesho hukumu itakuwa magazetini, Len. Asijue kwa kusoma. Akifika hiyo saa kumi, apande tu."

Mwana wa Bi Skelly, Declan, alikuwa na miaka kumi na saba siku kijana mwenzake alipochomwa kisu akafa nyuma ya maduka ya Deptford. Kisu hakikuwa chake. Lakini alikuwepo, na mahakama ikamfunga maisha pamoja na waliochoma. Imogen aliirithi kesi kwa wakili aliyestaafu, akaibeba miaka miwili. Imogen alimjua Declan vizuri. Mama yake Declan hakuwahi kumtia machoni. Habari zote zilipitia kwa wakili wa mtaani kwao.

Dakika kumi kabla ya saa kumi, hatua zikasikika ngazini. Mwanamke wa makamo akaingia, koti limelowa mvua, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Nimekuja kwa ajili ya kesi ya Declan," alisema.

"Karibu, mama. Keti." Imogen alijua akianza na salamu ndefu atashindwa. "Nikwambie moja kwa moja. Wameikataa."

Mwanamke alikaa polepole, kama mtu asiyekiamini kiti.

"Kwa hiyo atabaki ndani."

"Atabaki. Miaka kumi na minne mingine, labda na zaidi."

"Na hakuna pa kwenda tena?"

"Hakuna. Imekwisha."

"Imekwisha," mwanamke alirudia. "Miaka mitatu nangojea mtu aniambie neno hilo. Nilidhani nikilisikia nitapata usingizi."

Hakulia. Imogen angependa alie, au apige kelele, au amtukane, matusi ameyazoea. Utulivu ule ndio ulimmaliza. Akajikuta anaongea ovyo, maneno yanakanyagana.

"Hoja ya pili ndiyo ningeitanguliza. Ile ya kwanza niliirefusha, wakachoka, niliwaona wanavyochoka. Nisamehe, mama."

"Unaniomba mimi msamaha?"

"Nimwombe nani mwingine?"

Mwanamke aliuweka mkoba mezani. Nje, mvua ilikuwa ikipiga dirisha.

"Wewe mwenyewe unaamini hakuwa na nia?"

"Naamini. Alisimama kando, akaganda. Akili ilipomrudia akakimbia."

"Hata msaada hakuita."

"Hakuita." Imogen hakuwa na nguvu ya kupamba. "Anasema kila akifumba macho anajiona anakimbia. Anasema angerudi, hata kama wangemchoma na yeye."

"Alisema hivyo?"

"Kila barua."

Hapo machozi yakatoka, lakini yalikuwa ya Imogen. Miaka ishirini na mmoja ya uwakili, hajawahi kulia mbele ya mtu wa kesi. Alitafuta kitambaa kwenye droo, akapapasa kalamu na utepe wa kufungia faili, hakukipata. Mwanamke akainuka, akazunguka meza, akamwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa baridi kama chuma.

"Basi, dada. Umefanya kazi yako. Walikuwa watoto. Wote walikuwa watoto, na sisi tulikuwa jikoni tunapika, hatuna habari. Nenda nyumbani ukalale."

Akachukua mkoba wake, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Imogen alibaki pale pale. Mabega yake yalishuka kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Lile alilokuwa akiliogopa lilikuwa limepita, na aliyestahili kumchukia alikuwa amemhurumia. Akaanza kukusanya karatasi. Angeondoka mapema leo, angelala na nguo zake.

Len aliingia bila kubisha.

"Bi Skelly amefika. Basi lake lilikwama darajani, anaomba radhi kwa kuchelewa."

"Bi Skelly ametoka humu sasa hivi, Len."

"Aliyetoka humu ni mama wa marehemu. Kapanda nikiwa kwenye simu. Sasa hivi tu ndipo kajitaja." Len aliuegemea mlango. "Nimetaka kumwitia teksi, hataki. Amekaa na Bi Skelly kwenye benchi pale chini, kamshika mkono. Hajamwambia kitu. Anasema habari kama hiyo mtu asiipokee peke yake."