Njuga Zinyamaze

Kano za kifundo cha mguu wa Siwema zilishonwa hospitalini na kovu likapona vizuri, lakini mguu haukuaminika. Akishuka ngazi, unapinda. Akigeuka kuitikia salamu, unapinda.

"Kano zimeshika," alisema Raheli, dada wa hospitali aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya viungo. "Ila mguu wenyewe umesahau kusimama. Ulisema ulikuwa mcheza ngoma. Njuga zako bado unazo?"

Kesho yake Siwema alizileta, zimefungwa kwenye kanga. Hakuwa amezigusa tangu aanguke uwanjani mbele ya watu. Raheli akamvika kifundoni, akamsimamisha kwa mguu ulioumia peke yake juu ya mto laini.

"Zikilia, ujue umeyumba. Nataka zinyamaze."

"Mimi nilifundishwa kuziliza, dokta."

"Najua, mama. Kwanza zinyamaze."

Zililia. Zikalia tena. Siwema alikazia macho ukuta, jasho likimtiririka, hadi chumba kikawa kimya kabisa na Raheli akatabasamu.

Ndipo mtaa wa pili, kwenye nyumba ya harusi, wapigaji waliokuwa wakizipasha ngoma moto wakaanza kuzijaribu. Siwema aliitambua ngoma ile aliyozoea kuicheza kabla mapigo hayajakaa sawa. Machozi yakamlengalenga.

Njuga zikalia mlio mmoja, taratibu, sambamba na pigo.

"Umeyumba, mama?" Raheli aliuliza, mikono tayari kumdaka. "Tupumzike?"

Siwema alikuwa anasubiri pigo linalofuata.