Bibi Harusi Hajaketi

Bibi harusi alikuwa hajafika hata nusu ya ukumbi wakati Mwanakheri alipomaliza kupiga kila alichokuwa nacho.

Kwa miezi mitatu alikuwa amejifunza kubuni muziki papo hapo, akipiga kodiani, kinanda cha mivukuto, pamoja na kanda ya muziki iliyomwachia dakika moja aijaze kwa muziki wake mwenyewe. Aliijaza kila siku kwa sauti zile zile. Leo Bi Zuwena, kiongozi wa kikundi cha taarabu, angeamua kama atabaki nao. Lakini bibi harusi hutembea apendavyo, na wapigaji hawanyamazi mpaka aketi.

Mwanakheri akarudia tangu mwanzo. Alipoanza mara ya tatu, shangazi mmoja wa bwana harusi aliufuatisha muziki ule kwa pua, na wenzake wakacheka.

"Mwanangu, hicho kiporo utakipasha mara ngapi?" aliuliza.

Mwanakheri aliusikia muziki wake kama wali uliokwisha kutafunwa ukarudishwa sahanini, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapakulia watu. Alivichukia hata vidole vyake, vilivyokuwa vikienda vyenyewe bila kumwuliza.

"Usivitazame vidole," Bi Zuwena alimwambia, fidla ikiwa bado begani. "Mtazame anayetembea."

Bibi harusi alikuwa amesimama, ameshika pindo la gauni. Mwanakheri aliivuta mivukuto mpaka mwisho, kidole chake kikiwa juu ya kitufe ambacho hakuwahi kuanzia, akaungoja mguu wa bibi harusi unyanyuke ili aanze nao.