Sauti Ambayo Vidole Vinaijua

Kila kesi ikiisha, wakala wa waandishi wa mahakama humfutia Rukia kumbukumbu ya yote aliyoyasikia na kuyaandika mahakamani. Ndivyo walivyokubaliana: yeye hatoi siri, nao humrudisha nyumbani akiwa mwepesi kama alivyotoka.

Jumamosi alikuwa barazani akimsuka binti yake, Saumu, mtu akapiga hodi. Alikuwa jirani aliyehamia juzi, mwalimu wa kuogelea.

"Shikamoo," Saumu akamwamkia.

"Marahaba. Twende, wenzako wanakusubiri."

Vidole vya Rukia vikaacha nywele, vikaanza kugonga kichwani mwa mtoto kama vinavyogonga mashine ya kuandikia mahakamani.

"Mama, unaniumiza."

Vidole vyake havikuwahi kufanya hivyo kwa sauti ngeni; hii vilikuwa vimeshaiandika. Rukia akamshika mtoto mkono, akaingia naye ndani na kumpigia simu wakala.

"Niambie jambo moja tu. Huyu jirani yangu mpya, mwalimu wa kuogelea, alikuwa shahidi au mshtakiwa?"

"Dada Rukia, sisi tumetimiza wajibu wetu," akajibiwa kwa upole. "Nawe timiza wako."

Akarudi mlangoni peke yake.

"Saumu haendi leo."

"Kulikoni, mama Saumu?" jirani akauliza, akitabasamu.

Vidole vya Rukia, juu ya fremu ya mlango, vikaliandika na swali hilo.