Hakimu wa Kuku

Enzi hizo kila mtu alizaliwa na hakimu wake mmoja, wa kumsikiliza mara moja tu mpaka kaburini. Bi Kidawa alimmaliza wake kwa kesi ya kuku. Kuku wa jirani yake, Bi Mashavu, alimchakuria mchicha, naye kwa hasira akabonyeza dole gumba kwenye sanduku la mahakama, pale ukutani jikoni. Akashinda! Mwezi mzima alitembea mtaani kama bibi harusi.

Sasa ni siku ya nne tangu askari wamchukue mwanawe Makame, bila kosa wala karatasi. Makame hakimu wake anaye, ila dole gumba lake liko korokoroni. Bi Kidawa alibonyeza lake mpaka likavimba. Sanduku likamjibu kwa adabu, “Mama, wewe ulishasikilizwa.”

Akavuka ua, akampigia magoti Bi Mashavu.

“Shoga, hakimu wako bado mzima. Nipe, wataniulia mwanangu.”

“Na kesho wakija kumchukua mwanangu, Kidawa, nikimbilie wapi?”

“Nitakuwa mtumwa wako.”

“Mtumwa hanitolei mtoto jela.”

Bi Mashavu naye alikuwa analia. Akaenda bandani, akarudi na kuku aliyefungwa miguu. “Nisamehe, shoga. Chukua huyu. Ni kizazi cha yule yule.”

Bi Kidawa akampokea. Alipofika kwake alimfungua kamba, akamwachia kwenye mchicha, akakaa kizingitini kumtazama akichakura mpaka shina la mwisho.